Mtani Amekataa Kupandisha

Jumatatu, 2 Juni 2025

Nimeshinda tena kwenye mchezo wa simu. Nina hasira mpaka mkono unatetemeka — au ni dawa.

Jumbe alikuwa na ndege wake Hondo, mzima, uhai umejaa, kitufe cha kupandisha kinawaka mbele yake kama taa ya gari. Dume wangu wa ng'ombe alikuwa hoi, anapumulia pua moja. Ningekuwa mimi ningepandisha bila kufikiri. Mtoto wa darasa la pili angepandisha. Yeye akachagua kudonoa. Kudonoa! Ndege mwenye mdomo wa kuvunja mwamba anadonoa kama kifaranga kwenye pumba. Zamu iliyofuata nikammaliza.

Kisha akasema kwenye spika, kwa sauti ya mtu aliyeingia wodini: hongera sana, Mzee Castory.

Mzee Castory! Tangu tufahamiane hajawahi kuniita hivyo. Mimi ni Mpagazi. Yeye ni Mcheza Ngoma. Yeye Mzaramo wa Masaki, Kisarawe, mimi Mnyamwezi, watani tangu kabla hatujazaliwa. Siku ya kwanza nilipofika Masaki kama afisa mifugo, yeye akiwa mwalimu mkuu pale, alichukua baiskeli yangu ya serikali akakaa nayo. Alisema babu zangu walifika pwani kwa miguu na mizigo kichwani, baiskeli ya nini? Nikamjibu nimetumwa kuchanja ng'ombe, na kwa kuwa Wazaramo hawana ng'ombe, nitaanza na yeye. Tukawa ndugu hapo hapo.

Bao tulicheza mpaka miguu yangu ilipoanza kujaa maji, safari ya Kisarawe kutoka hapa Kibaha ikanishinda. Mjukuu wake ndiye aliyemwekea mchezo huu wa madude kwenye simu. Akanipigia: Mpagazi, nimepata mahali pa kukuchapa bila kutoa nauli. Nikacheka. Nikaupakua. Nikanasa.

Kila mtu ana madude matatu. Yanapigana kwa zamu. Katika pambano lote unaruhusiwa kupandisha dude moja, mara moja tu. Likipanda linakuwa kubwa kama nyumba, nguvu maradufu, macho mekundu. Zamu tatu. Kisha linashuka na kubaki nyong'onyo, kama ng'ombe aliyetoka kwenye homa ya ndigana. "Kupandisha" ni neno la Jumbe. Kwao mtu hupandisha mashetani. Yeye ni Mlutheri, mashetani yake yanakaa kwenye simu.

Miaka miwili amenichapa kwa kuvumilia. Mimi hupandisha mapema, kwa hasira. Yeye hujificha, hutoa dude dhaifu kafara, anangoja langu lishuke, ndipo anapandisha. Na kila pigo lina tusi lake.

Sasa anadonoa.

Jumatano, 4 Juni

Leo nimemtega. Kenge wangu, dude la maji, nilimweka mbele ya Hondo bila kinga yoyote. Huo si mtego, ni sadaka. Jumbe akaomba radhi, eti mtandao umekatika zamu ikampita. Nipo juu ya kichuguu, akasema, hapa nyuma ya mikorosho, upepo mkali.

Kichuguu nakijua. Masaki mtandao unapatikana hapo tu. Lakini mtandao ukikatika mchezo huandika hivyo kwenye kioo. Haukuandika kitu.

Nikamtukana. Nikamwambia ngozi ya ngoma yake imelegea, aianike. Zamani angenijibu mpaka majirani wajae. Akasema: pumzika, mzee wangu.

Nimeitupa simu. Imefika kwenye mto. Sina nguvu ya kuifikisha mbali zaidi.

Jumamosi, 7 Juni

Idi. Mwinshehe wa nyumba ya pili ametuletea nyama. Laurentia, binti yangu, amenipikia kipande changu peke yake, bila chumvi, kwa amri ya daktari. Ilikuwa kama kutafuna kandambili. Leo hakwenda kazini Dar, akakaa nami, na kwa sababu alikaa, ukweli ukatoka.

Nilikuwa namlalamikia kuhusu Jumbe. Akaacha kukunja nguo.

"Baba, mimi ndiye niliyempigia."

"Ukamwambia nini?"

"Alichosema daktari. Kwamba moyo umechoka. Kwamba dawa sasa ni za kutoa maji tu."

"Habari hiyo ni yangu, Laurentia. Mgonjwa ni mimi."

"Nikamwomba asikufunge vibaya. Siku ile alipokufunga ulishindwa kuhema, Baba! Niliona midomo imekuwa ya bluu."

Siku ile! Nilishindwa kuhema kwa kucheka. Jumbe alikuwa amempandisha Hondo, akanipiga, Dume akayumba, naye Jumbe akasema anamkumbuka dume huyo — ndiye niliyemchanja pale kijijini Marui, akafa kabla sindano haijakauka. Nilicheka mpaka nikaona giza. Mwanangu akaona kifo mahali palipokuwa na furaha, akampigia simu mtu pekee anayenipa furaha hiyo, akamwomba aache.

Nilitaka kumfokea. Nikamwangalia. Amekonda. Anaamka kabla ya jogoo, anarudi usiku, na bado ananikanda miguu. Nikamwambia nyama ilikuwa nzuri.

Hasira haina pa kwenda. Imekaa kifuani pamoja na maji.

Jumapili, 8 Juni

Pentekoste. Kanisani sikuweza kwenda.

Nimefungua akaunti ya pili. Jina: Godbless. Kijana wa Kichaga wa Maili Moja, fundi simu. Nataka nipigane na Jumbe yule mwenyewe, sio huyu muuguzi. Uongo mdogo, lakini nimeufanya siku ya Roho Mtakatifu, na sikusita hata kidogo. Naandika ili nisijidanganye kwamba nilisita.

Jumanne, 10 Juni

Kero juu ya kero. Akaunti mpya, madude mapya — vindama. Hayawezi kupanda mpaka yakue, na hayakui mpaka yapigane na vidudu vya porini, kimoja kimoja, kutwa nzima. Vidole vimevimba, nagusa herufi moja zinaitikia tatu. Bando likaisha katikati. Umeme ukakatika. Nimefuga na kuhudumia mifugo maisha yangu yote, ndama huchukua miaka, sikuwahi kulalamika. Huyu wa kwenye simu anachukua siku tatu na namlaani kama mkwe mvivu.

Jumbe alinialika kwa jina langu la kweli. Nikamwambia nimechoka. Sawa, sawa, pumzika, akasema, haraka kama mtu aliyeponea chupuchupu.

Laurentia anafurahi kuniona nimetulia kitandani.

Ijumaa, 13 Juni

Nimechapwa!

Ah, nimechapwa vizuri. Godbless alimwomba Jumbe pambano, akakubali. Nikapandisha mapema kama kawaida yangu — sijifunzi. Jumbe akanipa dude lake dhaifu, nikalila kwa zamu moja. Akaleta la pili, likajikinga, likajikinga tena. Zamu zangu tatu zikaisha, dude langu likashuka likihema, na hapo ndipo Hondo alipoingia. Akapanda. Mabawa yakafunika kioo chote. Pigo la kwanza, chini. La pili, chini. La tatu, chini. Nilipiga kelele peke yangu chumbani kama mtoto uwanjani.

Kisha ujumbe wake ukaja: "Umejitahidi, mwanangu. Usipandishe kwa hasira. Dude likipanda mapema mwenzako anahesabu tu pumzi zako. Mungu akubariki."

Mwanangu. Mungu akubariki!

Nilisahau. Godbless ni Mchaga kijana, si mtani wake. Jumbe hana tusi kwa watoto wa watu, ana ushauri. Kwa hiyo kwa jina langu sipati pambano wala tusi, na kwa jina la uongo napata pambano kavu, kama ugali wa jana bila mboga. Nimetumia wiki nzima na pumzi nisizonazo kununua nusu ya kitu.

Jumatatu, 16 Juni

Hospitali. Usiku wa jana ulikuwa mbaya, sitaki kuuandika. Wamenipiga sindano ya kutoa maji. Imenipandisha — naandika nimekaa wima. Najua kitakachofuata.

Jumatano, 18 Juni

Nimefanya jambo baya kuliko kujifanya kijana.

Tulicheza, Godbless na yeye. Akanifunga. Kwenye ukurasa wa mtu unaona mapambano yake yote, nani alimfunga nani. Nikamwandikia: "Mzee, mbona unafungwa kila siku na huyo anayejiita Mpagazi? Mimi hunionei huruma."

Nikangoja. Nilidhani ameteremka kwenye kichuguu.

"Huyo ni mtani wangu. Yuko Kibaha, Tangini. Mgonjwa."

Hapo ningeacha. Muungwana angeacha. Nikaandika, kwa jeuri ya ujana usio wangu: "Si ndiyo ungemchapa basi, aondoke na heshima zake?"

"Ninyi vijana hamjui utani ni nini."

Kisha yakaja mengi, vipande vipande, mtandao ukiyaleta kwa kwikwi. Nayaandika kama nilivyoyasoma.

Kwamba mke wa Mpagazi alipofariki, yeye Jumbe ndiye aliyeshuka kaburini kabla ya jeneza. Akalala humo chali, akasema hatoki mpaka apewe jogoo, maana Mpagazi ni mchoyo, amemchimbia mkewe shimo fupi ili abane udongo. Kwamba watu walicheka, na mfiwa naye alicheka.

"Sasa siku yake inakuja, na mtani ni mimi. Kila nikifungua mdomo nimtukane, koo linafunga. Nikimpandisha ndege wangu naona anayeanguka ni yeye. Binti yake aliniomba nimhurumie. Nilifurahi kuombwa, maana mwenyewe nilikuwa nimeshashindwa. Siku hiyo nitafanyaje, mwanangu? Nisimame pale kaburini kama nguzo ya umeme?"

Namkumbuka Jumbe kaburini. Anjela wangu yuko kwenye jeneza, magoti yananitoka, na yule mpumbavu kalala shimoni amekunja mikono kifuani, anadai jogoo. Nisingecheka siku ile ningeanguka. Kicheko ndicho kilichonishika makwapani.

Nikamjibu nini? Godbless alijibu: "Pole sana mzee."

"Asante, mwanangu. Usimwambie mtu."

Laurentia aliniuliza mbona macho mekundu. Nikasema ni mwanga wa simu.

Ijumaa, 20 Juni

Padri amekuja na komunyo na mafuta. Kijana, mkarimu, kiatu chake kimoja kinalia. Laurentia akatoka. Nikaungama.

Ya kawaida yaliisha haraka. Katika umri huu dhambi nyingi zimenikimbia zenyewe. Kisha nikamwambia nimejifanya kijana kwenye simu, nimedanganya jina, nimechukua siri ya mtu.

Akashusha sauti. "Kwa ajili ya mwanamke, mzee?"

"Kwa ajili ya ndege, Padri."

Ikabidi nieleze. Madude, kupandisha, zamu tatu, Hondo. Alisikiliza kwa heshima kubwa. Nilipofika kwenye Godbless wa Maili Moja, Mchaga, akanikatiza: na kwa nini Mchaga? Nikakumbuka ametokea Marangu. Nikasema nisamehe na hilo pia.

Malipizi yangu hayakuwa rozari. Alisema: mwambie mwenyewe, kwa mdomo wako, sio kwa kuandika. Nikasema atanichukia. Akasema huenda. Alipoinuka, kiatu kikalia, akageuka mlangoni akauliza kama dude lililokwisha kushuka linaweza kupanda tena. Nikamwambia hapana, Padri, ni mara moja tu.

Jumamosi, 21 Juni

Nimemwambia.

"Jumbe, Godbless ni mimi."

"Godbless gani?"

"Wa Maili Moja. Fundi simu."

Upepo. Pikipiki ikapita barabarani kwake, nikaisikia ikija mpaka ikapotea.

"Yote niliyoandika ulisoma wewe?"

"Nilisoma."

Akakata. Hakupaza sauti. Afadhali angepaza. Nikapiga tena: namba haipatikani. Huenda ameteremka kwenye kichuguu. Huenda amezima.

Jumatatu, 23 Juni

Hakuna kitu. Miguu imejaa tena. Taa ya jina lake kwenye mchezo imezimika.

Alhamisi, 26 Juni

Bado.

Laurentia ameona. Akataka kumpigia. Nikamwambia safari hii hapana, tafadhali, mama. Akakaa pembeni yangu, akauliza kwa upole huo mchezo una nini hasa. Nikamwonyesha. Tukacheza dhidi ya mashine, Dume wangu na dude la mashine. Mashine hupandisha zamu ile ile kila siku, haina hasira wala aibu, haina mama wa kumtukana. Nikaifunga. Laurentia akapiga makofi. Nilitamani kulia.

Nifanye hesabu kwa uaminifu. Nilikuwa na mtani anayenionea huruma. Sikuridhika. Nikamchokonoa mpaka akatoa alichokuwa anakificha, nikamwonyesha nimekiona. Sasa sina hata huyo wa huruma. Nikifa wiki hii atakuja na suti nyeusi, atakaa kiti cha nyuma, ataimba nyimbo zote kwa sauti nzuri ya Kilutheri, atampa Laurentia mkono, ataondoka. Wote watasema msiba ulikuwa wa heshima.

Hili Padri sikumwambia: siogopi kufa kama ninavyoogopa kuzikwa kwa adabu. Laurentia atasimama pale peke yake na magoti yake. Nani atamshika makwapani?

Dume nimemfunza pigo jipya. Sijui kwa ajili ya nani.

Jumamosi, 28 Juni

Naandika haraka. Yuko barazani anakula.

Alikuja saa nne, bila simu, bila hodi. Nilikuwa nimelala. Nikahisi kitu baridi kisiginoni. Kufungua macho — Jumbe, kofia kichwani, vumbi la Kisarawe mpaka kwenye nyusi, ameshika utepe wa fundi seremala, ananipima.

Laurentia alikuwa mlangoni na trei ya uji. "Mzee Jumbe! Shikamoo — unafanya nini?"

"Marahaba, mke wangu. Napima mzigo. Mpagazi huyu alibeba vya wenzake maisha yake yote, lakini yeye nani atambeba? Tazama miguu ilivyovimba. Jeneza la kawaida halimtoshi. Itabidi tumsafirishe na lori la mkaa."

"Mzee Jumbe, jamani!"

"Wewe shika huku kisiginoni. Usilegeze, seremala atatupunja mbao."

Laurentia aliweka trei chini. Akaweka mkono mdomoni, mabega yakaanza kutikisika. Nikadhani nimempoteza, analia. Hakikuwa kilio. Aliinama akashika ule utepe kisiginoni pangu! Binti yangu, mhasibu, mwenye kunipimia chumvi!

Jumbe akavuta utepe taratibu, goti, nyonga, kifua. Alipofika kichwani utepe ukasimama na macho yakawa mekundu. Lile koo lake, najua, lilikuwa linafunga. Nikamwambia:

"Soma namba, mwalimu mkuu. Au hesabu zimekushinda mbele ya mwanafunzi?"

Akameza mate. Akasoma. Kisha akanitazama usoni kwa mara ya kwanza.

"Godbless!" akasema. "Mchaga wa Unyanyembe! Mshenzi mkubwa wewe, hata uongo wako umekuja umebeba mizigo. Fundi simu! Vidole kama ndizi mshale, simu gani hiyo utafungua? Nimekaa wiki nzima sili, nasema nimwue au nimngoje afe mwenyewe. Nikaona nikingoja nitadhulumiwa. Toa simu."

Nilicheka. Iliniuma mbavu zote, Laurentia akanyanyua mto nikae wima. Midomo sijui ilikuwa rangi gani. Safari hii hakutuzuia.

Tukaanza, ana kwa ana. Yeye kwenye kiti cha wageni, mimi kitandani. Nikatoa Kenge. Akatoa Hondo. Na zamu ya kwanza — ya kwanza kabisa! — Jumbe akapandisha.

Sijapata kuona. Mtu ambaye miaka miwili amenifundisha kusubiri kwa kunichapa. Ndege akapanda, mabawa yakajaa kioo changu na kioo chake, sauti ikatoka kwenye simu zote mbili.

"Mbona mapema hivyo, Mcheza Ngoma?"

"Kwani wewe una muda wa kungoja?"

Kenge akaanguka. Hakupata hata kugeuka. Jumbe akasema huyo azikwe na bwana wake, wapunguze gharama. Nikatoa Kobe, dude langu jingine. Kwa mara ya kwanza katika mchezo huu sikuwa na hasira, nikamwambia Kobe ajikinge. Pigo likapasua gamba, Kobe naye chini. Jumbe akaimba beti moja ya wimbo wa mazishi kwa mdundo wa ngoma, mchungaji wake asisikie.

Amebakiwa na zamu moja ya kupanda. Nimebakiwa na Dume, mzima, uhai umejaa, na kitufe kinawaka.

Hapo ndipo aliposema anasikia njaa. Amedai pilau ya msiba, sasa hivi, kwa sababu siku yenyewe atakuwa na kazi shimoni, hatapata nafasi ya kula. Laurentia amempa ugali na mchicha. Nasikia analalamika: msiba gani huu wa mchicha, marehemu alikuwa maskini kiasi hicho? Na Laurentia anamjibu — namsikia vizuri — kwamba marehemu alikuwa na mali nyingi ila watani wa Kizaramo walizimaliza, wakianza na baiskeli. Sijawahi kumfundisha kumjibu mtani. Amejibu kama aliyezaliwa nayo.

Pambano la marafiki halina saa. Linatungoja.

Nikipandisha sasa, wote wawili tutakuwa juu, na pigo lake la mwisho ni zito kuliko langu la kwanza. Nikijikinga bila kupandisha, huenda Dume akavumilia. Huenda. Akivumilia, Hondo anashuka nyong'onyo na mimi nina zamu zangu tatu zote, na Jumbe hana pa kujificha. Asipovumilia, basi nimekufa na kitufe changu kikiwaka, bila kukitumia. Miaka yote nisingefikiri. Ningebonyeza.

Kifua kinabana kidogo. Sio vibaya. Mkono unatetemeka, safari hii sio dawa.

Ameita kutoka barazani: je, napandisha, au amwite Padri? Nimemwambia asubiri, marehemu anafikiri. Laurentia amecheka kwa sauti. Sikumbuki lini mara ya mwisho nyumba hii —

Amerudi. Mchicha kwenye kidevu. Ameusogeza mguu wangu pembeni kama gunia la mihogo, ameketi kitandani, amechukua simu yake. Anasema niache kuandika wosia, hakuna cha kurithi. Anasema nicheze.

Nimechagua kinga. Bado sijabonyeza. Ananiangalia kidole. Naweka kalamu chini nicheze.